Uzi: Tusiwakate anemoni kwa wembe kwenye matangi ya nyumbani, hasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

#1 Bahari ya Forest (Mbeya)

Ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo, kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma humu maswali kuhusu namna ya kumgawa anemoni wa baharini kwa wembe ili kupata wawili, na kila mara wanaojibu ni wale waliofanikiwa. Waliopoteza hawaandiki. Mimi nilipoteza, kwa hiyo naandika, na nitaomba uvumilivu wenu kwa sababu andiko ni refu.

Kwa wasiomfahamu, anemoni ni mnyama wala si mmea, ingawa umbo lake linafanana na ua lililochanua. Ni jamaa ya konyeza na matumbawe. Hana mfupa wala gamba. Mwili wake ni kama mfuko uliojaa maji, wenye wayo unaoshika jiwe upande wa chini na duara la minyiri upande wa juu, na katikati ya minyiri hiyo kuna kinywa kimoja ambacho ndicho pia njia yake ya kutolea uchafu. Hana ubongo, bali ana neva zilizotandaa mwilini kama wavu. Kwa aina hizi za tropiki tunazofuga, ndani ya nyama yake mnaishi vimwani visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa ya chakula hicho, na ndiyo maana anemoni aliyewekwa kwenye mwanga hafifu hukonda hata kama analishwa.

Kumkata ni kupitisha wembe katikati ya kinywa hadi kwenye wayo, ili kila nusu ibaki na kipande cha kinywa na kipande cha wayo. Kingo za kidonda hujikunja kwa ndani na kushikana, na baada ya wiki kadhaa kila nusu inaweza kuwa mnyama kamili. Habari hii si ngeni. Padri mmoja Mfaransa, Jacques-François Dicquemare, aliwakata anemoni wa pwani katika miaka ya 1770 na kuandika jinsi walivyorudisha viungo vyao. Kwa hiyo sibishi kwamba mnyama huyu ana uwezo wa kujiponya. Ninachotaka tukitazame kwa makini ni maji tunayomlaza akiwa na kidonda.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilikuwa na tangi la lita 300 lililokuwa limetimiza mwaka mmoja na miezi miwili. Ndani yake alikuwamo anemoni mmoja wa aina ya Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama balbu ndogo, pamoja na samaki wawili wanaoishi katikati ya minyiri yake, kamba mmoja na konokono kadhaa. Rafiki yangu alikuwa akimtamani sana. Nikanunua wembe mpya, nikamkata siku ya Jumamosi asubuhi, na siku mbili za mwanzo nilifurahi kwa sababu nusu zote mbili zilikuwa zimejikunja vizuri. Nusu moja ilishika jiwe. Nyingine haikushika, ikawa inaviringika na mkondo wa maji. Usiku wa nne ilivutwa kwenye mdomo wa pampu na kusagwa, vipande vyake vikasambaa tangi zima. Usiku huohuo, yapata saa nane, umeme ulikatika, ukarudi saa nne asubuhi. Nilipoamka maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na harufu yake sitaisahau. Samaki wote wawili walikuwa wamekufa, na kamba pia. Ile nusu iliyokuwa imeshika jiwe ilikuwa imeachia, kinywa kimeachama na utumbo unaning'inia nje, na kesho yake jioni nayo ilikufa.

Nilitumia muda mrefu kujiuliza ni kipi hasa kiliniangusha, na nikagundua kwamba mambo manne yaliungana usiku ule. La kwanza ni nyama yenyewe. Anemoni hana sehemu ngumu inayochelewa kuoza; anapokufa huoza wote kwa mara moja, na kinachotoka ni amonia. Amonia ina ukali zaidi kwenye maji ya chumvi kuliko kwenye matangi ya kambare na sato tuliyoyazoea, kwa sababu maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na alikali) ya takriban 8.2, na kwenye pH hiyo sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile inayokuwapo kwenye maji ya pH 7. Bakteria wa kwenye mawe na filta huweza kuimaliza amonia ya kila siku, lakini hawawezi kuongezeka kwa usiku mmoja wakaimaliza amonia ya mnyama mzima aliyesagwa.

La pili ni oksijeni, na hapa naomba wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe msome polepole, kwa maana maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wanaoishi pwani. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam, na oksijeni inayoyeyuka katika maji hupungua kwa uwiano huohuo. Maji ya bahari yenye nyuzi 26 yakiwa pwani hushiba kwa takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu yakishiba kabisa hayafiki 5.6. Maana yake ni kwamba tangi langu, hata siku ambayo kila kitu kinafanya kazi, linaanza na akiba pungufu. Usiku vimwani havitengenezi oksijeni bali huitumia, na bakteria wanaokula nyama inayooza huitumia kuliko wote. Pampu ikisimama, uso wa maji hautikisiki tena, na hakuna njia ya oksijeni mpya kuingia kwa kasi inayotosha.

La tatu ni baridi. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu hushuka chini ya nyuzi 10, na hata sebuleni ndani ya nyumba ya matofali, hita ikizimika, tangi dogo hupoa kwa saa chache. Anemoni wa miamba ya tropiki amezoea nyuzi 25 hadi 28 zisizobadilika haraka. Mwenye afya anaweza kuvumilia kushuka kidogo; aliye na kidonda kilicho wazi hana nguvu ya kufunga kidonda na kupambana na baridi kwa wakati mmoja.

La nne ni haraka yangu. Sikuwa na tangi la pili la kumtenga, wala sikufunika midomo ya pampu kwa sponji, na wala sikuwa na pampu ya hewa ya betri. Nilijua mambo hayo yote na nikaona yanaweza kusubiri.

Ombi langu ni hili: anemoni wa nyumbani asikatwe. Akigawanyika mwenyewe, tumshukuru Mungu na tumgawie jirani baada ya miezi kadhaa. Nawakaribisha wenye uzoefu tofauti.

#2 Mama wa Kihesa (Iringa)

Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa msiba huo. Nimesoma huku moyo ukinidunda, kwa sababu wiki iliyopita nimepokea anemoni aliyesafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Muuzaji aliniambia ni mdogo na kwamba atakua. Alifika akiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji kidogo, na kwa siku sita hajashika jiwe wala kioo. Upande mmoja minyiri imejaa vizuri, upande mwingine kuna mstari usio na minyiri kabisa, na kinywa hakiko katikati bali kimesogea pembeni karibu na huo mstari. Rangi yake ni ya kahawia iliyofifia. Je, inawezekana kwamba nimeuziwa nusu?

#3 Bahari ya Forest (Mbeya)

Marahaba, mama. Kwa maelezo yako, ndiyo, huyo ni nusu, na mkato wake ni wa siku chache. Anemoni mdogo wa kawaida ana umbo la duara na kinywa katikati. Kinywa kilichosogea kando ya mstari mtupu ni kovu la wembe. Aliyekuuzia alipaswa kumweka kwake hadi awe ameshika jiwe, amerudisha duara lake na anakula bila kutapika, jambo ambalo huchukua wiki nyingi. Kumfungia mfukoni kwa safari ya zaidi ya kilomita 400 akiwa na kidonda ni kumkatili yeye na kukuhatarisha wewe.

Kwa sasa fanya haya. Zima au punguza mkondo unaompiga moja kwa moja, na funika kila mdomo wa pampu kwa sponji nene leo hii, usingoje kesho. Mweke ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu pamoja na kipande cha jiwe, ili akiviringika asiende mbali. Usimlishe, kwa kuwa kinywa kilichokatwa hakiwezi kushika chakula, na chakula kitakachotemwa kitaoza. Pima chumvi, amonia na joto kila asubuhi na jioni. Ukiona kinywa kimeachama mfululizo, nyama inageuka ute wa kahawia, na ukimsogeza unasikia harufu ya kuoza, mtoe mara moja hata kama bado minyiri michache inatikisika. Najua ni vigumu kumtoa mnyama ambaye hujahakikisha kwamba amekufa, lakini ukisubiri uhakika utapoteza na wengine.

#4 Fundi Tangi (Mwanjelwa)

Mkuu, naheshimu uchungu wako na takwimu zako za oksijeni nakubaliana nazo, lakini naona umehukumu kwa ukali. Mimi nimekata mara sita kwa miaka minne, wote wakiwa Entacmaea. Katika nusu kumi na mbili zilizopatikana, kumi zilipona. Nina tangi la kutengea la lita 80 lenye filta iliyokomaa, nina inveta yenye betri mbili, natumia mkaa maalumu wa kuchuja sumu, na sikati mnyama ambaye hajakaa kwangu walau mwaka mzima. Mnyama lazima awe ameshika jiwe kwa nguvu, minyiri yake inanata, na rangi imeiva. Hukatwa kwa mkono mmoja usiosita, si kwa kuchechemea na wembe kama anayekata nyama ya mshikaki.

Na kuna hoja ambayo hukuigusa. Kila anemoni anayezalishwa nyumbani ni mmoja ambaye hakung'olewa kwenye mwamba. Tukikataza kukata, wanunuzi watarudi kwa wavuvi, na wavuvi watarudi baharini na bisibisi na patasi. Je, hilo si baya zaidi?

#5 Bahari ya Forest (Mbeya)

Fundi, nashukuru kwa kuandika kwa utulivu, na nakiri kwamba maandalizi yako ni bora kuliko yangu. Laiti kila anayekata angekuwa na tangi la kutengea na inveta, uzi huu ningeuandika kwa namna nyingine. Lakini tazama maswali yaliyoulizwa humu mwezi huu peke yake: mmoja ana tangi la lita 60 lenye miezi mitatu, mwingine anauliza kama kisu cha jikoni kitafaa. Wao ndio wanaosoma majibu yako ya kufanikiwa na kudhani kazi ni wembe tu.

Kuhusu mwamba, hoja yako ina uzito na nimeifikiria sana. Anemoni wakubwa wa miambani ni wanyama wa umri mrefu. Kuna anemoni mmoja maarufu wa Scotland, wa aina ndogo ya Actinia, aliyeokotwa ufukweni mwaka 1828 na John Dalyell, akatunzwa kwenye chombo cha kioo na watu waliopokezana hadi alipokufa mwaka 1887, yaani miaka 59, na katika muda huo alizaa watoto mamia bila kuguswa na wembe. Ukimng'oa anemoni mmoja mkubwa huko Mafia au Mnazi Bay huondoi mnyama mmoja tu. Katika pwani yetu wapo samaki wa aina ya Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi, ambao familia nzima huishi na kutaga pembeni ya anemoni wao, na akiondolewa wanabaki bila pa kujificha. Ndiyo maana kuchukua viumbe ndani ya maeneo tengefu kumewekewa makatazo chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kwa hiyo mimi na wewe tunataka jambo moja.

Tunapotofautiana ni hapa. Entacmaea hugawanyika mwenyewe. Baharini, wale wa maji ya kina kifupi hujigawa mara kwa mara hadi jiwe zima likafunikwa na nakala za mnyama mmoja, ilhali wale wa kina kirefu mara nyingi hukaa wapweke na kuwa wakubwa. Kwenye tangi lenye mwanga mzuri na maji tulivu, aina hii itakupa wa pili bila kidonda cha wembe, ilimradi uwe na subira. Wasiojigawa kwa urahisi, kama wale wapana mfano wa zulia wa jenasi ya Stichodactyla, ndio ambao soko linawataka kwa bei kubwa, na ndio hasa ambao wembe huwaua. Basi kukata kunamsaidia anayetaka kuuza haraka. Mwamba unaweza kusaidiwa na subira vilevile, tena vizuri zaidi.

Nitaongeza jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume. Kujigawa si dalili ya afya kila mara. Anemoni hujigawa pia anapopata mshtuko, kwa mfano baada ya kubadilishiwa maji mengi kwa mara moja, kuwekewa taa mpya yenye mwanga mkali, au chumvi kupanda ghafla. Ukiona amejigawa wiki moja baada ya wewe kugusa kitu, pima maji kabla ya kusherehekea.

Pia nakala hizo zote ni mwili mmoja uliotawanyika. Entacmaea wana jinsia mbili tofauti, na nusu za dume zitakuwa madume tu. Tukijaza matangi ya mkoa mzima kwa vipande vya mnyama mmoja, ugonjwa utakaommudu mmoja utawamudu wote.

#6 Fundi Tangi (Mwanjelwa)

Hapo kwenye mshtuko umenikumbusha jambo. Wawili kati ya wangu walijigawa wenyewe nilipobadilisha taa, na nilijisifu. Nusu mbili nilizopoteza zilitokana na mmoja wa hao, ambaye nilimkata tena baada ya miezi mitatu. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili hadi leo. Kwenye suala la wale wa zulia tuko pamoja. Sijawahi kuwakata na sitamshauri mtu. Nitaendelea kuamini kwamba Entacmaea anaweza kukatwa na mwenye vifaa kamili, ila sitaandika tena maelekezo mafupi bila kutaja vifaa hivyo.

#7 Tabibu wa Njombe

Naomba kuchangia upande wa afya ya binadamu, ambao naona umesahaulika. Kila mnyiri wa anemoni umejaa chembe ndogo mno zenye uzi uliojikunja kama sindano, na uzi huo hufyatuka unapoguswa na kuingiza sumu. Kwenye viganja vyetu ngozi ni nene, hivyo wengi huhisi tu kunata, na hapo ndipo wanapojiamini. Lakini wakati wa kukata mnyama hutoa ute mwingi, na maji huweza kuruka machoni, au ukajipangusa uso kwa mkono uleule. Vaeni glavu ndefu na miwani ya kuziba macho. Ndoo na wembe visitumike tena jikoni.

Jambo la pili ni mzio mkali. Wengi hawajui kwamba ugunduzi wa hali hiyo ulitokana na sumu za viumbe hawa. Mwaka 1901 wanasayansi Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walianza kuchunguza sumu ya jamaa za konyeza wakiwa safarini baharini, kisha wakaendelea nchi kavu kwa kutumia sumu ya anemoni. Walimdunga mbwa kiasi kidogo, akapona. Walipomdunga tena kiasi kidogo baada ya wiki kadhaa, alikufa katika muda usiofika nusu saa. Kumbe mwili, badala ya kuzoea, ulikuwa umejiandaa vibaya. Richet alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Namweleza ndugu Fundi, aliyekata mara sita, kwamba kutodhurika mara sita si hakikisho kwa mara ya saba. Akihisi midomo inavimba, kifua kinabana, au vipele vinatapakaa mwili mzima, aende hospitali papo hapo na asisubiri kuona kama vitatulia.

La tatu linanihuzunisha zaidi. Wako wanaowatibu anemoni waliokatwa kwa siprofloksasini, antibiotiki ya binadamu inayonunuliwa dukani bila cheti, kisha maji ya dawa wanayamwaga mtaroni. Dawa hiyo tunaitegemea kwa wagonjwa wetu. Bakteria wanaozoea dozi hafifu kwenye ndoo na mitaro hawabaki huko. Ikiwa njia ya kumzalisha mnyama wa mapambo inahitaji dawa ya binadamu ili ifanikiwe, basi njia hiyo ina kasoro tangu mwanzo.

#8 Kijana wa Tukuyu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi na natamani sana kuwa na tangi la bahari. Chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari ni ghali mno kwangu. Je, naweza kutumia chumvi ya kawaida ya dukani, au kuchota maji ya Ziwa Rukwa ambayo nasikia yana magadi? Nilipanga nianze na nusu ya anemoni kwa sababu ni rahisi kuipata.

#9 Mwalimu wa Makambako

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Chumvi ya dukani ni sodiamu kloridi karibu yote, pamoja na madini joto yaliyoongezwa. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kilo moja, lakini ndani yake mna magnesiamu kama miligramu 1,300 kwa lita, kalsiamu kama 410 na potasiamu karibu 400, pamoja na madini yanayozuia pH isiyumbe. Anemoni hana ngozi ya kumkinga. Maji ya ndani ya mwili wake na ya nje yanakaribiana sana, hivyo upungufu wowote wa maji yako ni upungufu wa mwili wake. Rukwa nayo ni ziwa la magadi. Uwiano wa madini yake hauna uhusiano na bahari, na pH yake ni kubwa kuliko ya bahari. Atakufa, na nusu iliyokatwa itakufa mapema zaidi.

Kumbuka pia kwamba maji yakipungua tangini kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo. Wakati wa kiangazi, hewa ya huku ikiwa kavu, tangi lisilofunikwa linaweza kupoteza maji mengi kwa wiki, na mgeni hujaza kwa maji ya chumvi akidhani anarudisha kilichopotea, kumbe anaongeza chumvi juu ya chumvi. Kidonda kwenye maji kama hayo hakifungi.

Ukitaka ushauri wangu, wewe uko Tukuyu na Ziwa Nyasa liko karibu nawe. Samaki wa rangi wa Nyasa, wale mbuna wanaoishi kwenye mawe, wanatafutwa dunia nzima, na wanaishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Jifunze nao kupima maji, kutunza filta na kukabiliana na umeme unaokatika. Baada ya miaka miwili utajua kama una moyo wa bahari.

#10 Kijana wa Tukuyu

Ahsante sana mwalimu. Nimeahirisha kununua nusu.

#11 Mama wa Kihesa (Iringa)

Nimerudi na habari, ingawa si zote njema. Siku mbili baada ya ushauri wako, mzee wangu, umeme ulikatika kuanzia saa moja jioni hadi saa saba usiku. Nilikuwa nimenunua pampu ndogo ya hewa ya betri, nikaiwasha papo hapo, na nikafunika tangi kwa blanketi pande tatu. Joto lilishuka kutoka nyuzi 26 hadi 23. Asubuhi amonia ilionekana kidogo kwenye kipimo, nikabadilisha robo ya maji kwa maji niliyokuwa nimeyaandaa tangu juzi yake. Samaki wote ni wazima.

Anemoni mwenyewe alianza kulegea siku ya tisa. Upande wa mkato ulitoa ute wa kahawia, na nilipokisogeza kikapu nilisikia ile harufu uliyoitaja. Nilimtoa usiku uleule. Nilisita kwa dakika kama kumi hivi, kwa sababu minyiri mitatu au minne ilikuwa bado inajivuta nilipoigusa, lakini nikakumbuka maneno yako. Nimempigia simu muuzaji na kumweleza kwa upole kwamba asimuuzie mtu mwingine nusu ambayo haijapona. Alisema hakujua kwamba huchukua wiki nyingi. Yeye huletewa zikiwa zimeshakatwa.

Nina swali moja la mwisho. Mabaki nimeyaweka kwenye mfuko. Niyatupe wapi? Mume wangu alitaka kuyamwaga mtoni kule Ruaha Mdogo pamoja na maji ya tangi.

#12 Bahari ya Forest (Mbeya)

Pole sana mama, na umefanya vyema kumtoa kwa wakati. Hao samaki wazima ni kazi ya mikono yako. Mwambie mzee wa nyumba asiyamwage mtoni. Maji yale yana chumvi nyingi na huenda yana vimelea kutoka mbali, na watu wa bondeni wanamwagilia mboga kwa mto huo. Mabaki yafukie shimoni mbali na kisima, ukiwa umevaa glavu, kwa kuwa chembe zenye sumu huweza kufyatuka hata baada ya mnyama kufa. Maji yamwage kwenye choo cha shimo kidogo kidogo.

Kikague pia kile kipande cha jiwe ulichomwekea kabla hujakirudisha kwenye tangi. Nusu za kununua mara nyingine huja na anemoni wadogo waharibifu wa jenasi ya Aiptasia, wenye rangi ya kahawia na mwili mwembamba kama mrija. Ukimwona mmoja usimkwangue wala kumkata, maana kila kipande cha wayo kitakachobaki kwenye jiwe kinaweza kuota mnyama mwingine. Kiondoe kipande kizima cha jiwe, kianike juani kikauke kabisa, na ukitazame tena baada ya wiki mbili.